Katlesi za samaki za kuoka, na mama aliyekataa kuziita katlesi

Mama alikuja Dar mwezi uliopita kwa ajili ya kliniki, presha ilikuwa imepanda tena, na daktari baada ya kumpima akamwambia kitu ambacho kwa mtu wa Ngamiani, Tanga, ni sawa na kutukanwa: mama, punguza chumvi, punguza mafuta, vitu vya kukaanga achana navyo. Mama akaitikia vizuri tu, ndiyo baba, ndiyo baba, nikajua hapa hakuna kilichoingia. Tumetoka pale tumepanda daladala, foleni yote ile hakusema neno, tumefika Mbagala tunashuka ndo akaniuliza, "Mwanangu, huyu kijana kwao wanakula nini?"

Inabidi mjue kwanza mama ni nani. Huyu kakaanga katlesi kibarazani kwake Tanga miaka zaidi ya 20, mwezi wa Ramadhani ikifika saa kumi alasiri watoto wanatumwa na vibakuli kutoka barabara ya tatu huko wanapita wauzaji wengine wote wanakuja kwake, na mimi ada zangu za shule zimetoka kwenye lile karai. Kwahiyo kumwambia aache kukaanga si suala la chakula tu. Lakini presha nayo haijui historia ya mtu.

Mi nikajiona mjanja. Nina kioveni cha umeme, kile kidogo cha kuweka mezani, wati 1500, nilikinunua kwa mbwembwe nikasema nitakuwa naoka keki kila wikiendi, na mwaka mzima kimekuwa kabati la kuwekea mifuniko ya sufuria. Nikasema mama tulia, Jumamosi nakufanyia katlesi za samaki za kuoka, hazina mafuta, daktari mwenyewe angekuwepo angeomba. Mama akaniangalia. "Za kuoka? Basi hizo ni mikate ya samaki. Katlesi inakaangwa."

Jumamosi hiyo nikafanya kosa ambalo nadhani karibu kila mtu analifanya akitaka kuhamisha chakula kutoka kwenye karai kwenda kwenye oveni, nikachukua mapishi yale yale nikabadilisha moto tu. Katlesi za kwetu mnazijua, kiazi kilichopondwa na samaki, unaviringa, unabonyeza kidogo, unachovya kwenye yai lililopigwa halafu moja kwa moja kwenye mafuta ya moto, yai linachanua pale pale linakuwa kama nyuzinyuzi za dhahabu pembeni. Sasa nikachovya kwenye yai, nikapanga kwenye trei, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kigoda naangalia kwenye kioo kama naangalia mpira. Dakika ya tano nikaona yai linateremka. Taratibu kabisa, linatoka kwenye katlesi linaenda chini, linakutana na la jirani yake, na nilivyokuja kufungua nilikuta trei nzima imetandikwa chapati moja ya mayai na juu yake vipo viazi 18 vimekaa uchi. Mama akala, akasema Alhamdulillah, akaomba chai.

Nilivyokuja kuelewa ni kwamba mafuta ya moto yanalikamata yai sekunde ile ile linapogusa, halina muda wa kukimbia. Oveni inatumia hewa, na hewa ni mvivu, inachukua dakika kadhaa mpaka yai ligande na kwa dakika hizo yai limeshapata pa kwenda. Kwahiyo lazima kuwe na kitu cha kulishikilia, yaani chenga za mkate.

Mara ya pili nikaweka chenga. Zikatoka nyeupe! Nyeupe kama mtoto aliyepakwa poda baada ya kuoga, na zimejaa maji chini, nyingine zimelala zimekuwa bapa, nikijaribu kuinua moja na mwiko inabaki nusu kwenye trei. Nikaziacha muda mrefu zaidi nikidhani zitapata rangi, zikaishia kukauka ndani mpaka ukitafuna unatafuta maji ya kunywa, na rangi bado. Siku hiyo mama hakusema hata Alhamdulillah, alinihurumia, na huruma ya mama kwenye mapishi inauma kuliko kusemwa.

Basi nikakaa nikafikiria. Ndani ya katlesi hakuna kibichi, ukiacha yai kidogo. Samaki ameshachemshwa, kiazi kimeshaiva. Oveni haina kazi ya kupika pale, kazi yake ni kupasha na kuligandisha lile ganda la nje. Sasa kama ni hivyo, rangi unaitafuta kabla, sio ndani ya oveni. Na maji yote unayamaliza kabla, sababu kwenye mafuta ya moto maji yanatoka kwa fujo, ule mlio wote wa chwaaa ni maji yanatoka yanakuwa mvuke, lakini kwenye oveni yanajitokeza polepole yanakaa chini ya katlesi yanailowesha. Tangu nimeelewa hayo mawili sijaharibu tena, kwahiyo ngoja niwaambie ninavyofanya saivi.

Samaki kwanza. Mi natumia jodari, minofu yake ni mikavu na haina vimiiba vidogo vidogo vya kukusumbua. Kolekole pia mzuri, nguru ni mzuri sana ila kumsaga nguru kwenye katlesi naona kama dhambi, nguru akaangwe kipande au awekwe kwenye mchuzi wa nazi. Changu ni mtamu ila miiba yake inataka subira ambayo mi sina. Naenda soko la samaki la Feri asubuhi mapema, yule aliyekatwa mapande unaangalia nyama, iwe nyekundu inang'aa, ikianza kuwa ya kahawia unapita. Kilo moja ya jodari mwenye mfupa na ngozi ukishamchambua unabaki na kama gramu 600, hiyo inatosha katlesi 18.

Hapa nitoke kidogo kwenye mada. Jodari usimnunue kwa mchuuzi anayetembeza beseni saa saba mchana juani, hata kama bei inachekesha. Niliwahi kununua, nikampika vizuri tu, ameiva kabisa, na baada ya nusu saa midomo ikaanza kunichonyota, uso ukawaka moto, kichwa kinagonga, nikadhani nimepata aleji ya samaki uzeeni. Si aleji. Hawa samaki jamii ya jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza kwenye nyama kitu kinaitwa histamini, na ubaya wake histamini ikishaingia, kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, kuoka ndo kabisa. Dawa yake ni barafu tangu anapotoka baharini. Mama yeye hajui hilo neno lakini ana lake, anasema jodari aliyelala juani "anakata mdomo", na ukimwonjesha anatema pale pale.

Haya, turudi. Unamchemsha na maji kidogo sana, kama nusu kikombe, chumvi kiasi, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, unafunika, moto mdogo, dakika 12 hivi, halafu unafunua maji yakauke kabisa mpaka uanze kusikia sufuria inalia kavu. Toa, acha apoe, chambua kwa vidole. Usitumie uma. Vidole vinaona miiba, uma hauoni. Ile nyama nyeusi ya ubavuni mi naitoa nampa paka, ina ladha kali inayotawala kila kitu.

Viazi nusu kilo, na vichemshwe na maganda yake. Ukimenya na kukatakata vinakunywa maji. Vikiiva mwaga maji, menya vikiwa bado vya moto (vidole vitaungua kidogo, vumilia), virudishe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo dakika mbili huku unatikisa, utaona mvuke unatoka na vinaanza kuwa na unga unga kwa nje. Hapo ponda. Viazi vichanga vile vyenye ganda linaloambuka kwa kidole havifai, vina maji mno, tafuta vilivyokomaa.

Angalia hesabu, samaki gramu 600, viazi 500. Samaki amzidi kiazi. Nalisema hili kwa uchungu sababu kuna katlesi za samaki zinauzwa mjini hapa ambazo samaki ukimtafuta ndani inabidi uwashe tochi.

Kwenye bakuli unachanganya samaki, viazi, kitunguu maji kimoja kilichokatwa ndogo ndogo sana ukakitia chumvi kidogo ukakikamua kwa kiganja mpaka maji yatoke, giligilani ya kutosha (mama anasema kotmiri, na akisikia giligilani anajifanya hajui ni nini), pilipili manga, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai iliyokaangwa kavu ikatwangwa, pilipili mbichi kwa wanaoweza. Ndimu watu wengi wanakamulia humo humo, mi hapana, hayo nayo ni maji, naparuza ganda la kijani la nje tu, harufu yote ipo pale. Kiini cha yai kimoja kwa ajili ya kushika. Onja chumvi sasa hivi, kabla hujaviringa. Kwa mama nilipunguza chumvi nikaongeza ganda la ndimu na tangawizi, hakuiulizia.

Viringa, bonyeza ziwe nene kama vidole viwili, weka kwenye friji nusu saa. Hii nusu saa usiiruke, katlesi ikiingia kwenye oveni imepoa na imekaza haibomoki.

Sasa chenga, na hapa ndo siri yote ilipo. Mkate wa jana au wa juzi, slesi nne tano, ukauke, usage. Halafu chukua frampeni, tia mafuta kijiko kikubwa kimoja, mimina chenga, moto mdogo, koroga bila kuondoka, simu weka mbali, dakika nne au tano, mpaka zipate rangi ya andazi lililoiva. Yaani chenga unazikaanga peke yake kabla, kwa kijiko kimoja, badala ya kuikaanga katlesi nzima ndani ya nusu lita. Zikienda kwenye oveni zinakuwa tayari zina rangi na zinalia kwenye meno. Nilivyofanya hivi mara ya kwanza nilijiona nimevumbua umeme.

Katlesi inapita kwenye unga wa ngano kidogo, unakung'uta, kwenye yai moja lililopigwa pamoja na ule ute uliobaki, halafu kwenye chenga, unabonyeza zishike. Oveni iwe imeshawaka dakika 10 kwenye nyuzi 200, na trei iwe ndani nayo inapata moto, ukiitoa unaipaka mafuta kijiko kimoja, unapanga, unasikia kabisa zinaguna kidogo zikigusa chini. Dakika 12, geuza, dakika 8 nyingine, basi. Vioveni hivi vidogo vina upande mmoja mkali, changu nyuma kushoto kinachoma, kwahiyo nikigeuza katlesi nageuza na trei. Mafuta yote ya katlesi 18 ni vijiko viwili. Na umeme kwa wanaouliza, wati 1500 kwa nusu saa ni robo tatu ya yuniti ikiwaka muda wote, na haiwaki muda wote, ikifika joto uliloseti inajizima inapumzika.

Sosi sasa. Katlesi ya kuoka hata ukiipatia vipi ina ukavu fulani, yale mafuta yalikuwa yanafanya kazi ya kulainisha mdomoni, kwahiyo inataka kitu cha majimaji na kikali kidogo. Mi nafanya ya ukwaju. Ukwaju kama ngumi ya mtoto, kikombe kimoja cha maji ya moto, uloweke robo saa, ukamue kwa mkono mpaka kokwa zibaki uchi, chuja. Mimina kwenye kisufuria na nyanya moja iliyokunwa, punje mbili za kitunguu saumu, pilipili mbuzi nzima bila kuipasua inuke tu, na tende tatu zilizotolewa kokwa badala ya sukari, tende inaleta utamu na inaifanya iwe nzito bila unga wa mahindi. Dakika nane mpaka kumi, moto mdogo, toa ile pilipili kabla haijapasuka, ponda tende kwa mgongo wa kijiko, chumvi chembe. Imekwisha. Wanangu wao wanataka mtindi na kitunguu saumu na ndimu, sawa, hiyo hata haina kupika. Ila kwangu mimi samaki na ukwaju.

Jumamosi ya tatu basi nikawa nimejipanga. Kila kitu kavu, chenga rangi ya andazi, trei ya moto. Mama kakaa mlangoni na kanga yake anachambua mchele anajifanya haangalii. Nimepanga 12, nimefunga, sita nyingine zimebaki kwenye sahani. Dakika ya tatu, sijamaliza hata kuosha bakuli, umeme ukakatika.

Nilisimama pale katikati ya jiko nikaguna tu. Mara mbili nimeharibu mwenyewe, mara ya tatu nimepatia na bado. Nikamwambia mama, basi, ngoja niwashe gesi nizikaange, yaishe. Na nilitegemea atafurahi, si ndo alichokuwa anataka? Mama akaweka ungo chini. "Umeshaambiwa usinikaangie. Jiko la mkaa liko wapi?"

Akawasha mkaa mwenyewe uani. Akaomba sufuria kubwa ile pana ya shughuli, akaipaka mafuta kwa kidole, akaipasha, akazipanga zote 18 bila haraka, nyingine hazikuenea akazisogeza kwa ncha ya kisu. Akafunika kwa sinia la bati. Akapunguza makaa chini yakabaki matatu manne pembeni pembeni, na yaliyobaki yote akayachukua kwa koleo moja moja akayapalia juu ya sinia, mengi pembeni, machache katikati. Mi nimesimama na simu yangu na joto langu la nyuzi 200. "Moto wa juu uwe mwingi, wa chini mchache, la sivyo utaunguza chini na juu pabichi," akasema bila kugeuka, na mi nikamuuliza kwani ulishawahi kuoka katlesi, akacheka kabisa. "Katlesi sijaoka. Mkate wa kumimina unadhani tulikuwa tunauokea wapi, mbinguni?"

Na kweli jamani. Nimekua nyumba ile, nimekula mkate wa kumimina wa makaa juu na chini maisha yangu yote, halafu nimekuja mjini nanunua kioveni nakifanyia semina mtu aliyekuwa anaoka kabla sijazaliwa. Hakutazama saa hata mara moja. Alikuwa ananusa. Ikafika mahali harufu ya mkate ikazidi harufu ya samaki, akasema tayari, nikabisha, nikasema bado hazijageuzwa, akafunua.

Jamani. Juu zimekauka zimekuwa na rangi moja kote, chini zina kiganda kigumu kidogo kama ukoko wa wali, ukiivunja mvuke unatoka na ndani laini, samaki unamwona kwa nyuzi zake. Ile harufu ya moshi kwa mbali oveni yangu haiwezi hata nikiipigia magoti. Tulikula palepale uani tumekalia mikeka, sosi ya ukwaju kwenye kikombe cha chai kinazunguka, baba watoto alikula sita sijui saba, mama alikula tatu. Umeme ulirudi tumeshaosha vyombo. Nikamuuliza mama, sasa hizi ni katlesi au mikate? Akasema, "Hizi za mkaa ni katlesi. Zile zako za kwenye boksi tutaona."

Kesho yake nikatengeneza nyingine 20 nikazigandisha kwenye friza kwa ajili yake, unazipanga kwanza kwenye trei zigande ndo unazitia kwenye mfuko, ukitaka kuoka unaingiza hivyo hivyo zikiwa barafu, unaongeza dakika kama 10. Nikamwambia mama hizi utaondoka nazo kwenye kiboksi cha barafu, ukifika Tanga unaoka kwa mkaa. Akasema inshallah.

Jumatatu nimerudi kazini jioni nikakuta dirisha la jikoni limefunguliwa lote na feni imeelekezwa mlangoni, karai limeoshwa limeanikwa nyuma ya ndoo, halafu kule kwenye friza nikahesabu, 16. Nikamuuliza mama nani kakaanga katlesi humu ndani.

Akasema paka.